Mabafu ya umma ya Roma: Raha ya senti moja iliyolipiwa kwa jasho la watumwa

Na Mwandishi Wetu

KATIKA jiji la Roma la miaka 2,000 iliyopita, mkazi maskini aliyepanga chumba kimoja katika ghorofa ya juu, bila maji wala choo cha kwake, aliweza kila alasiri kuingia katika jengo lenye sakafu ya marumaru, maji ya moto na sanamu za miungu, akaoga kwa kulipa sarafu iliyokuwa ndogo kuliko zote sokoni.

Sarafu hiyo ya shaba iliitwa kwadransi. Dinari moja ya fedha ilikuwa sawa na kwadransi 64. Mwaka 14 baada ya Kristo (BK), ujira wa siku moja wa askari wa kawaida wa jeshi la Roma ulikuwa sawa na kwadransi 40, kwa maana kwamba mshahara wa siku moja ungemtosha kuingia bafuni mara 40.

Kwa bei hiyo, mabafu ya umma yakawa mahali pekee ambapo seneta, mfanyabiashara, mwanajeshi mstaafu na mchukuzi wa bandarini waliweza kukaa uchi katika hodhi moja. Ndiyo maana wasomi wengi huyataja kuwa miongoni mwa huduma za jamii zilizofanikiwa sana katika historia ya miji.

Hata hivyo, sifa hiyo huacha swali moja bila kujibiwa. Iwapo mlangoni mtu alilipa senti moja, ni nani aliyelipia kuni, maji, matengenezo na mikono iliyochochea moto tangu alfajiri? Jibu la swali hilo ndilo linaloeleza kwa nini huduma hiyo ilidumu kwa karne nyingi, na kwa nini hatimaye ilizimika.

Kutoka chumba cha giza hadi kasri

Warumi wa kale hawakuwa watu wa kuoga kila siku. Mwanafalsafa Seneca, aliyefariki mwaka 65 BK, aliwahi kulitembelea shamba la Scipio, jemadari aliyemshinda Hannibal zaidi ya miaka 200 kabla yake. Alichokikuta ni bafu dogo, jembamba na lenye giza, lililopata mwanga kupitia matundu membamba ukutani. Seneca anaeleza kwamba mababu hao walikuwa wakinawa mikono na miguu kila siku baada ya kazi za shamba, lakini mwili mzima waliuosha siku ya gulio tu.

Mageuzi makubwa yaliletwa na Marcus Agrippa, rafiki na msaidizi mkuu wa Kaisari Augustus. Mwaka 33 kabla ya Kristo (KK), alipokuwa ofisa msimamizi wa huduma za jiji, Agrippa aliwafungulia wananchi mabafu 170 bila malipo. Mnamo mwaka 25 KK alianza kujenga bafu kubwa la kwanza la umma katika jiji hilo, na mwaka 19 KK akakamilisha mfereji maalumu wa kulipelekea maji. Alipofariki mwaka 12 KK, wosia wake uliwaachia wananchi bafu hilo waoge bure.

Tangu hapo, makaisari walishindana. Nero alijenga lake, Titus akafuata mwaka 80 BK, kisha Trajan mwaka 109. Mwaka 216 yalifunguliwa mabafu ya Caracalla, ambayo jengo lake la kati pekee lilikuwa na urefu wa takriban meta 214 na upana wa meta 110, na inakadiriwa lilichukua watu 1,600 kwa wakati mmoja. Mabafu ya Diocletian, yaliyozinduliwa mwaka 306, yalikuwa makubwa zaidi, na makadirio yake hufikia watu 3,000.

Si majengo ya makaisari pekee. Orodha ya majengo ya jiji la Roma iliyoandaliwa katika karne ya nne inataja mabafu ya kawaida 856, mbali na yale makubwa yapatayo 11. Kila mtaa ulikuwa na bafu lake, kama ambavyo kila mtaa ulikuwa na duka lake la mikate.

Mambo hayakuwa tofauti mikoani. Carthage, katika Tunisia ya leo, ilijengewa mabafu makubwa kando ya bahari katika karne ya pili. Leptis Magna, nchini Libya, ilipata mabafu yake wakati wa Kaisari Hadrian. Timgad, mji ulioanzishwa mwaka 100 BK kwa ajili ya askari wastaafu katika nyanda za juu za Algeria, ulikuwa na mabafu zaidi ya 10. Katika uwanja wa mji huo mkazi mmoja alichonga jiweni maneno yenye maana kwamba kuwinda, kuoga, kucheza na kucheka ndiko kuishi.

Safari ya muogaji

Warumi waliigawa siku tangu jua linapochomoza, kama zinavyohesabiwa saa za Kiswahili. Kazi nyingi zilianza mapema na kwisha mchana, hivyo saa nane na saa tisa alasiri ndizo zilizokuwa saa za msongamano.

Muogaji alianzia katika chumba cha kuvulia nguo, chenye vishubaka au rafu ukutani. Aliyekuwa na uwezo alimwacha mtumwa wake alinde nguo, na asiye na uwezo alimlipa mlinzi wa bafuni au alitegemea bahati. Wizi ulikuwa wa kawaida. Katika mji wa Bath, nchini Uingereza, wanaakiolojia walifukua ndani ya chemchemi takatifu ya mabafu ya Kirumi vibati vya risasi vipatavyo 130 vyenye maandishi ya laana. Wengi wa walioviandika walikuwa wakimwomba mungu wa kike wa chemchemi hiyo awaadhibu watu waliowaibia, na miongoni mwa vitu vilivyotajwa ni majoho na nguo za kuogea.

Baada ya kuvua, muogaji alijipaka mafuta na kwenda uwanjani kufanya mazoezi, kama vile kucheza mpira, kupigana mieleka au kunyanyua vyuma. Sabuni haikutumika kuogea. Jasho, vumbi na mafuta viliondolewa kwa kukwanguliwa kwa kifaa cha chuma kilichopinda mithili ya mundu mdogo.

Kisha ilianza safari ya joto. Kwanza aliingia katika chumba cha uvuguvugu ili mwili uzoee, halafu chumba cha moto chenye hodhi la maji ya moto na mvuke mwingi. Mwishoni alikwenda katika chumba cha baridi na kujitosa katika maji yaliyomrudishia nguvu. Mabafu makubwa yalikuwa pia na bwawa la kuogelea, bustani, kumbi za mazungumzo na, kwa baadhi yake, maktaba.

Seneca, ambaye wakati fulani alipanga juu ya bafu, alilalamikia kelele zake katika mojawapo ya barua zake. Anataja wanyanyua vyuma wakikoroma kwa uzito, kofi la mkandaji likitua juu ya bega, anayependa kuimba akiwa majini, mtu akipiga yowe wakati wa kunyonyolewa nywele za kwapa, na wauza soseji na maandazi wakinadi, kila mmoja kwa sauti yake. Hapo ndipo watu walipokutana, wakapata habari za jiji, wakafunga biashara na kualikana chakula cha jioni.

Wanawake nao waliingia. Katika mji wa Pompeii, uliofukiwa na volkano mwaka 79 BK, baadhi ya mabafu yalikuwa na sehemu mbili, ya wanawake ikiwa ndogo zaidi. Kwingineko walitengewa saa zao.

Mfano ulio wazi zaidi umehifadhiwa katika bamba la shaba lililopatikana mwaka 1876 huko Aljustrel, kusini mwa Ureno, mahali palipokuwa na machimbo ya Warumi yaliyoitwa Vipasca. Bamba hilo lina kanuni za makazi ya wachimbaji, na bafu limepewa kifungu chake. Wanawake walioga tangu alfajiri hadi saa saba mchana, na wanaume saa nane mchana hadi saa mbili usiku. Watoto na askari hawakulipa. Ajabu ni kwamba wanawake walitozwa mara mbili ya wanaume.

Chini ya sakafu

Siri ya joto hilo ilikuwa mfumo unaoitwa hipokausti. Sakafu ya chumba haikulazwa juu ya ardhi, bali juu ya mamia ya nguzo fupi za matofali. Nje ya ukuta kulikuwa na tanuri, na hewa ya moto kutoka katika tanuri hilo ilipita kati ya nguzo hizo, ikapasha sakafu, kisha ikapanda kupitia matofali yenye uwazi ndani yaliyopangwa kutani hadi kutoka juu. Hivyo chumba kilipata joto kutoka chini na pande zote bila moshi kumfikia muogaji. Juu ya tanuri hilohilo viliwekwa vyombo vikubwa vya metali vya kuchemshia maji.

Mhandisi Vitruvius, aliyeandika katika karne ya kwanza KK, alishauri kwamba vyumba vya moto vielekezwe upande wa machweo ya majira ya baridi, ili jua la alasiri lisaidie moto. Ushauri huo unaonesha kuwa gharama ya nishati iliwasumbua wajenzi tangu mwanzo.

Ilikuwa na sababu ya kuwasumbua. Jengo lenye kuta nene na sakafu nzito likipoa huchukua muda mrefu kurudi katika joto lake, na kwa hiyo moto haukuweza kuachwa uzimike ovyo. Kuni zilihitajika kila siku, na kwa wingi. Afrika Kaskazini, mahali palipokuwa na mashamba makubwa ya mizeituni, makapi na kokwa za zeituni zilizokamuliwa zilitumika pia kama nishati.

Chini ya mabafu ya Caracalla kuna mtandao wa mahandaki mapana kiasi cha kupitisha mikokoteni. Huko ndiko kuni zilikohifadhiwa na kusafirishwa, na huko ndiko watumwa walikofanya kazi, katika giza, moshi na joto, wakichochea matanuri. Muogaji aliyekaa juu akizungumza mashairi hakuwaona.

Nani aliyelipa?

Kiingilio cha kwadransi hakikuweza kugharimia yote hayo. Pengo lilijazwa na pande tatu.

Upande wa kwanza ni hazina ya kaisari na mifuko ya matajiri. Tajiri wa mji aliyetaka heshima, cheo au kukumbukwa baada ya kufa alijenga bafu na kuandikwa jina lake ukutani. Pliny Mdogo, seneta na mwandishi, aliuachia mji wake wa Como, kaskazini mwa Italia, fedha za kujengea mabafu, akaongeza sestersi 300,000 za kuyapamba na nyingine 200,000 za kuyatunza. Fungu hilo la mwisho linaonesha kwamba alielewa jambo ambalo wafadhili wengi husahau: kwamba jengo lisilo na fedha za kuliendesha ni gofu linalosubiri siku yake.

Upande wa pili ni serikali za miji. Pliny huyohuyo, alipokuwa gavana wa Bithynia, katika Uturuki ya leo, kati ya mwaka 110 na 113 BK, alimwandikia Kaisari Trajan kwamba wakazi wa Prusa walikuwa na bafu bovu na chafu, na wanaomba kujenga jipya. Trajan alikubali, lakini kwa masharti: ujenzi usiulemee mji, wananchi wasitozwe kodi mpya kwa sababu hiyo, na matumizi ya lazima yasipunguzwe. Ni barua ambayo ingeweza kuandikwa na waziri wa fedha yeyote wa karne hii.

Mahali pengine huduma ilikabidhiwa kwa mzabuni. Kanuni za Vipasca zilimtaka aliyekodishwa bafu kulipasha moto kila siku kwa gharama zake, kuhakikisha maji yanajaa hadi kiwango kilichowekwa, na kuvisafisha na kuvipaka mafuta vyombo vya shaba kila baada ya siku 30. Alikatazwa kuuza kuni alizotengewa bafu, isipokuwa matawi yasiyofaa kwa tanuri. Akishindwa kutoa huduma ipasavyo, msimamizi wa machimbo aliweza kumtoza faini ya hadi sestersi 200.

Upande wa tatu, ambao haukuandikwa jina ukutani, ni watumwa na wafungwa. Katika barua nyingine Pliny alimuuliza Trajan afanye nini na watu waliokwishahukumiwa adhabu nzito lakini wakakutwa wakitumika kama watumishi wa miji. Kaisari aliagiza waliohukumiwa hivi karibuni warejeshwe katika adhabu zao. Ama wazee waliohukumiwa zaidi ya miaka 10 iliyopita, wapewe kazi zilizokaribia kuwa adhabu, na akazitaja: kuhudumia mabafu, kuzibua mifereji ya majitaka na kutengeneza barabara. Machoni pa serikali ya Roma, basi, bafu lilikuwa starehe kwa aliyeingia mlango wa mbele na kifungo kwa aliyeingia mlango wa nyuma.

Je, walitoka wakiwa safi?

Kwa kuwa Warumi waliwekeza kiasi hicho, mtu angetarajia kwamba walikuwa na afya bora kuliko waliowatangulia. Ushahidi hauungi mkono matarajio hayo.

Hapakuwa na dawa ya kuua vijidudu majini, na wagonjwa, ambao waganga wengi waliwashauri waoge kama sehemu ya tiba, walitumia mahodhi yaleyale na watu wazima. Mwandishi wa mambo ya tiba, Celsus, katika karne ya kwanza, alionya kwamba mtu mwenye kidonda ambacho hakijasafika asiende bafuni, kwa kuwa maji hayo yangekilowesha na kukichafua hadi kuoza. Kaisari Marcus Aurelius, katika karne ya pili, alipolitafakari bafu aliona mafuta, jasho, uchafu na maji ya kuchukiza.

Mwaka 2016 mtafiti Piers Mitchell wa Chuo Kikuu cha Cambridge alichapisha uchambuzi wa mabaki ya vimelea vilivyopatikana katika vyoo, makaburi na kinyesi cha kale sehemu mbalimbali za Dola ya Roma. Alibaini kuwa minyoo ya tumbo haikupungua Warumi walipoleta vyoo, mabafu na maji ya mfereji. Chawa na viroboto nao walipatikana kwa wingi kama ilivyokuwa kwa jamii zisizo na utamaduni wa kuoga mara kwa mara. Miongoni mwa sababu alizozitaja ni maji ya bafuni kutobadilishwa mara kwa mara na matumizi ya kinyesi cha binadamu kama mbolea mashambani.

Hii haina maana kwamba mabafu hayakuwa na faida. Yalimpa mkazi wa chumba kimoja joto wakati wa baridi, mwanga, mazoezi na watu wa kuzungumza nao. Lakini maji mengi na maji salama ni vitu viwili tofauti, na marumaru haiwezi kuziba tofauti hiyo.

Mfereji ulipokatwa

Mabafu makubwa ya Roma yaliishi kwa maji ya mifereji iliyotoka milimani. Mmojawapo, Aqua Marcia, uliojengwa mwaka 144 KK, ulikuwa na urefu wa takriban kilometa 91, na tawi lake ndilo lililolisha mabafu ya Caracalla.

Mwaka 537 jeshi la Wagothi chini ya mfalme wao Vitiges liliuzingira mji wa Roma uliokuwa ukilindwa na jemadari Belisarius, likaikata mifereji hiyo. Kuta za mabafu hazikubomolewa na vita hivyo. Kilichokosekana ni maji. Idadi ya wakazi ilikuwa imekwisha kupungua sana, hazina haikuwa na uwezo wa kale, na mabafu makubwa yakabaki makavu. Karne nyingi baadaye, mwaka 1561, Papa Pius IV aliagiza ukumbi wa mabafu ya Diocletian ugeuzwe kanisa, na aliyepewa kazi hiyo ni msanii Michelangelo. Kanisa hilo lipo hadi leo.

Upande wa mashariki wa dola, mabafu yaliendelea, na Waarabu walipoitwaa Shamu katika karne ya saba waliyapokea na kuyabadili kulingana na utamaduni wao. Katika jangwa la Jordan bado limesimama bafu la Qusayr Amra, lililojengwa na watawala wa ukoo wa Umayya katika karne ya nane, likiwa na sakafu ya kupashwa moto kwa mtindo uleule wa Kirumi. Mabwawa yakapungua, mazoezi ya uwanjani yakaachwa, lakini mpangilio wa vyumba vya baridi, uvuguvugu na moto ukabaki. Hiyo ndiyo hamamu.

Kwa njia hiyo urithi huo ulifika hadi pwani yetu. Sultani Barghash, aliyetawala Zanzibar kati ya mwaka 1870 na 1888, alijenga Mji Mkongwe mabafu ya umma kwa mtindo wa Kiajemi. Yalitumika hadi mwaka 1920. Maji yake yalikwisha siku nyingi, lakini mtaa unaoyazunguka ungali ukiitwa Hamamni.

Huko Khenchela, nchini Algeria, hali ni tofauti. Watu wangali wakioga katika mabwawa yaliyojengwa na Warumi karibu miaka 2,000 iliyopita, na sababu yake ni rahisi: maji yake hutoka ardhini yakiwa tayari ya moto. Hayahitaji tanuri, kuni, wala mtu wa kuchochea moto chini ya sakafu. Kwingineko kote, mabafu yalidumu kwa muda ambao kulikuwa na mtu wa kulipa gharama hiyo, au wa kulazimishwa kuilipa.